UZI: Kijana wetu amekiuka masharti ya probesheni na samansi imeletwa nyumbani. Sheria inasemaje?

ShangaziWaLikoni

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nauleta mkasa huu hapa kwa kuwa nimesikia majibu mengi mtaani na hakuna mawili yanayokubaliana.

Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 23, alishtakiwa mwaka jana katika mahakama ya Mombasa kwa kuiba simu mbili kwenye kibanda kimoja pale Kongowea. Alikiri kosa. Afisa wa probesheni alikuja kwangu Likoni, akakaa sebuleni akazungumza nami, akaenda kwa mzee wa mtaa na kwa imamu wa msikiti wetu, kisha akaandika ripoti, na hakimu akampa kijana probesheni ya miezi 18, yaani akae nje chini ya uangalizi, badala ya kumpeleka gereza la Shimo la Tewa. Masharti aliyopewa ni kwamba aishi kwangu, aripoti kwa afisa kila mwezi, amlipe mwenye kibanda thamani ya simu ambayo haikupatikana, na ajitenge na wenzake aliokamatwa nao.

Miezi ya mwanzo alikwenda kama alivyoagizwa. Baadaye akapata kazi ya hoteli huko Mtwapa, na kwa kuwa nauli ya matatu baada ya kuvuka feri ilikuwa inakula nusu ya mshahara, akapanga chumba huko huko bila kumwarifu afisa. Kuripoti kukakoma. Afisa alinipigia simu mara kadhaa. Kijana akaniomba niseme sijui aliko, jambo ambalo sikuliweza, lakini pia sikumtaja alipo. Wiki hii askari wa chifu ameleta samansi ya kumwita mahakamani.

Ninachotaka kujua ni kama atafungwa moja kwa moja, na kama mimi niliyesema mbele ya mahakama kuwa nitamlea naweza kukamatwa kwa niaba yake. Vijana wa barazani wanamshauri akae kimya Mtwapa mpaka miezi 18 iishe, kwamba muda ukishapita hakuna kesi tena. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kisheria ya kumpa.

KaraniMstaafu

Waaleikum salaam, dada yangu. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka nilipostaafu, na faili za probesheni nimezibeba mikononi kutoka masjala hadi mezani kwa hakimu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Huo ushauri wa barazani ndio uliowafunga wengi ambao kwa kweli hawakustahili kufungwa. Niruhusu nianze na msingi wake.

Probesheni nchini Kenya inatawaliwa na Sheria ya Probesheni ya Wahalifu, Sura ya 64 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 4 kinampa hakimu uwezo wa kumwachilia mtu chini ya uangalizi baada ya kuzingatia umri wake, tabia yake, mazingira ya nyumbani kwake, afya yake na aina ya kosa lenyewe, na muda wa uangalizi huo haupungui miezi 6 wala hauzidi miaka 3. Hakimu anaweza kumtia mtu hatiani kwanza ndipo atoe amri hiyo, au akaitoa bila kumtia hatiani ingawa shtaka limethibitika. Katika hali zote mbili kuna jambo moja ambalo familia nyingi hazilisikii siku ile kwa sababu ya furaha ya kumwona mtoto akishuka kizimbani: adhabu ya kosa la kwanza haijatolewa. Haikusamehewa wala haikufutwa. Imewekwa kando, na faili inarudi masjala ikiwa na hati ya mashtaka ndani yake, nzima kama ilivyokuwa.

Sheria hiyo hiyo inamlazimu hakimu, kabla ya kutoa amri, kumweleza mshtakiwa kwa lugha nyepesi maana ya masharti, na kumwambia kwamba akiyakiuka au akitenda kosa jingine atarudishwa ahukumiwe kwa kosa lile la awali. Na amri haiwezi kutolewa mpaka mwenyewe aseme kuwa yuko tayari kuyafuata. Kwa hiyo kijana wako aliulizwa, na alijibu, na jibu lake limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Hawezi leo kusema kuwa hakujua, isipokuwa kama kweli hakuelezwa, na hilo ni suala jingine ambalo wakili anaweza kulifuatilia.

Sasa tuje kwenye samansi. Masharti yakikiukwa, afisa wa probesheni huenda mbele ya hakimu na kutoa taarifa kwa kiapo, akieleza sharti gani limevunjwa na lini. Hakimu akiridhika kuwa kuna jambo la kujibiwa, ana njia mbili: kutoa samansi inayomtaka kijana afike tarehe fulani, au kutoa hati ya kumkamata. Nyinyi mmeletewa samansi. Maana yake ni kwamba mpaka sasa mahakama inamchukulia kuwa ni mtu anayeweza kuitwa na akaitika. Hiyo ni heshima, na inaisha siku ile jina lake litakapoitwa ukumbini bila yeye kuwepo. Kutoka hapo hatua inayofuata kwa kawaida ni hati ya kukamata, na hati hiyo, kwa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, hubaki na nguvu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Haihesabu miezi 18. Atafika miaka 26, ana mke na mtoto, atasimamishwa na polisi kwenye msako wa usiku hapo Mtwapa, au ataenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema, na faili ya Kongowea itafunguliwa upya kama ya jana.

MtuWaChangamwe

Mzee Karani, nakuheshimu, lakini hapo naona sheria imekosa mizani. Kukosa kuripoti miezi mitatu minne kunamfanya mtu apewe kifungo? Mbona adhabu ni kubwa kuliko kosa?

KaraniMstaafu

Ndugu yangu wa Changamwe, hapo ndipo watu wengi wanapopotea, nami nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Hafungwi kwa kukosa kuripoti. Akifungwa, anafungwa kwa wizi wa simu. Kukosa kuripoti ni ufunguo tu unaofungua mlango ambao hakimu aliurudisha bila kuutia kufuli.

Ukiukaji ukithibitika, au kijana mwenyewe akiukubali, hakimu hana njia moja tu. Anaweza kuiacha amri ya probesheni iendelee na kumtoza faini, ambayo sheria imeiwekea kikomo kidogo. Anaweza kuyarekebisha masharti, kwa mfano kubadilisha mahali pa kuishi au afisa anayemsimamia. Au anaweza kuamua kwamba uangalizi umeshindikana, na hapo, kama kijana alikuwa ameshatiwa hatiani, atamhukumu kwa kosa la awali. Kama hakuwa ametiwa hatiani, atamtia hatiani kwanza kisha amhukumu. Akishahukumiwa namna hiyo, amri ya probesheni inakufa papo hapo.

Wizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu una adhabu isiyozidi kifungo cha miaka 3. Hicho ndicho kilichokuwa juu ya kichwa chake siku ya kwanza, na ndicho kilicho juu ya kichwa chake leo. Hakijaongezeka kwa sababu ya Mtwapa, lakini pia hakijapungua.

WakiliTononoka

Nimeusoma uzi huu kwa makini na naona Mzee Karani ameuweka msingi sawa, kwa hiyo nitaongeza tu yale yanayohusu haki za kijana.

Kwanza, miaka 3 ni dari, si kiwango. Hakimu anayemhukumu baada ya probesheni kuvunjika anatakiwa kuzingatia mambo yale yale ya siku zote: thamani ya kilichoibwa, kama alikiri mapema, kama ni kosa lake la kwanza, na kiasi gani cha fidia amelipa. Idara ya Mahakama ina miongozo ya utoaji adhabu ya mwaka 2016, iliyofanyiwa mapitio mwaka 2023, na miongozo hiyo inasisitiza kwamba kifungo kisiwe jibu la kwanza pale ambapo adhabu isiyo ya kifungo inaweza kutimiza lengo. Miezi ambayo kijana aliripoti vizuri haihesabiwi kama sehemu ya kifungo, lakini ni hoja ya kweli ya kumwomba hakimu amwonee huruma. Ikiwa alikaa rumande kabla ya kupewa probesheni, siku hizo nazo zitajwe, kwa sababu kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaitaka mahakama izizingatie.

Pili, ukiukaji lazima uthibitishwe. Afisa hawezi kusema tu kwamba "huyu ni mkaidi" na jambo likaisha. Kijana ana haki ya kusomewa anachodaiwa kukiuka, kukikubali au kukikana, kumuuliza afisa maswali, na kutoa sababu zake pamoja na ushahidi. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 haisimami nje ya mlango kwa kuwa eti kesi ilishakwisha. Anaweza kuwa na wakili wa kumchagua mwenyewe, na asipokuwa na uwezo, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kwa ajili ya watu kama yeye. Na kama atakamatwa kwa hati, Ibara ya 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata iwapo saa hizo zinaishia nje ya saa za mahakama.

Tatu, akihukumiwa na asiridhike, ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwa bahati iko hapa hapa Mombasa. Mahakama Kuu pia ina uwezo wa kuupitia mwenendo wa mahakama ya chini endapo kuna jambo lililokwenda kombo, kama vile kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Kuhusu wewe mwenyewe, dada wa Likoni, nina swali: ulitia saini hati yoyote ya dhamana yenye kiasi cha fedha, au ulimwambia tu afisa kuwa utampokea kijana nyumbani?

ShangaziWaLikoni

Wakili, Mungu akulipe. Hakuna karatasi ya fedha niliyotia saini. Nilisimama tu nikasema mbele ya hakimu kuwa nitamkalisha kwangu na nitamwangalia.

WakiliTononoka

Basi hufungwi wala hulipi kwa niaba yake. Mahakama inaweza kumtaka mshtakiwa aweke ahadi yenye kiasi cha fedha, akiwa na wadhamini au bila wadhamini, na pale ambapo wadhamini wapo na ahadi ikavunjwa, huitwa kueleza kwa nini wasitozwe kiasi kile walichokiandikia. Wewe hukuwa mdhamini wa namna hiyo. Lakini nakuonya kwa upole: kutokujua aliko si kosa, ila kumficha mtu ambaye mahakama imetoa hati akamatwe ni jambo linaloweza kukuletea mashtaka yako peke yako. Mpaka sasa kuna samansi tu. Usiache mambo yafike huko.

BintiMvita

Naomba kuuliza jambo linalokaribiana na hili. Kaka yangu alikuwa na probesheni ya mwaka mmoja kutoka mahakama ya Mombasa kwa kosa la kuharibu mali. Hakukosa kuripoti hata mwezi mmoja. Ila amekamatwa na bangi upande wa Bamburi na kesi iko Shanzu. Mama anasema kwa kuwa ni mahakama nyingine, huko hawajui habari za huku, na kwamba tunyamaze.

KaraniMstaafu

Binti, mwambie mama kwa heshima zote kwamba huko watajua. Kabla ya hukumu ya Shanzu, kiongozi wa mashtaka huulizwa kuhusu rekodi ya mshtakiwa, na alama za vidole zilichukuliwa tangu kesi ya kwanza. Zaidi ya hapo, hakimu wa Shanzu anaweza kuagiza ripoti ya probesheni, na ripoti hiyo itaandikwa na afisa ambaye anatoka idara ile ile inayomsimamia kaka yako. Nimeona sura ya mtu aliyekaa kimya namna hiyo: karani anasoma ripoti ukumbini, afikapo kwenye mstari unaosema kuwa mshtakiwa yuko chini ya amri ya mahakama nyingine, hakimu anaweka kalamu chini na kumtazama. Kuanzia hapo kila ombi la huruma linasikika kama ujanja.

Kuhusu sheria yenyewe, kutenda kosa jipya ndani ya muda wa uangalizi kunashughulikiwa peke yake, na ni jambo zito kuliko kukosa kuripoti. Lakini shika neno hili: kinachohesabiwa ni kutiwa hatiani kwa kosa jipya, si kukamatwa. Akiachiliwa huru Shanzu, hajavunja chochote kwa upande huo. Akitiwa hatiani, atahukumiwa kwa bangi, na suala la kuharibu mali litafufuliwa na mahakama yenye mamlaka juu ya ile amri, naye ahukumiwe kwa hilo pia.

WakiliTononoka

Naongeza hapo kwa BintiMvita. Akipata vifungo viwili, kanuni ya kawaida ni kwamba cha pili huanza baada ya cha kwanza kwisha, isipokuwa hakimu aamuru viende pamoja. Watu hukaa Shimo la Tewa wakidhani vyao vinakwenda pamoja kwa sababu tu hakuna aliyeomba. Wakili wake aliombe hilo kwa sauti, na aombe liandikwe. Pia asikiri shtaka la bangi kwa kuwa tu ameambiwa na mtu wa seli kuwa "utatozwa faini utoke". Kukiri kwake kutaamsha kesi mbili.

MzeeWaBaraza

Nimekaa nikiwasikiliza mawakili na makarani wakitueleza sheria ilivyo kwenye kitabu. Nami niseme ilivyo mtaani. Kuna afisa mmoja, simtaji na ofisi siitaji, aliyekuwa akimwambia mjukuu wangu kila anapokwenda kuripoti kwamba "faili yako ni nzito, itabidi uiwezeshe iwe nyepesi". Kijana hana kazi. Akaacha kwenda kwa sababu hana cha kumpa. Sasa huyo naye amekiuka masharti? Au masharti ndiyo yaliyomkiuka yeye?

KaraniMstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Hayo yapo, na mtu aliyefanya kazi ndani hawezi kuyakana. Lakini naomba tutofautishe mambo mawili, kwa sababu mjukuu wako akiyachanganya ataumia yeye na yule afisa atabaki ofisini.

Afisa wa probesheni hana uwezo wa kumfunga mtu. Uwezo huo ni wa hakimu peke yake. Kinachompa afisa mbaya nguvu ni ukimya wa kijana, kwa maana kijana akitoweka, hakimu atakuwa na maelezo ya upande mmoja tu, yaliyotolewa kwa kiapo, yakionyesha mtu aliyekosa kuripoti. Kijana akiendelea kufika, akahakikisha kila siku aliyofika imeandikwa na kutiwa saini kwenye daftari, akamwandikia mkuu wa ofisi ile ya kaunti barua inayoeleza alichoombwa, na nakala akabaki nayo, basi siku ya mahakama kuna pande mbili. Anaweza pia kuomba abadilishiwe afisa. Kwa suala la kuombwa fedha, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi inapokea malalamiko, na kwa suala la kunyanyaswa na ofisi ya umma kuna Tume ya Utekelezaji wa Haki. Na hakimu mwenyewe anaweza kuambiwa ukumbini. Mahakimu wengi hawapendi kusikia kwamba amri yao imegeuzwa kuwa genge la kuuzia.

MzeeWaBaraza

Marahaba. Nimekusikia, ingawa bado naona unamtaka mtoto wa miaka 20 awe na ujasiri ambao sisi wazee hatuna. Nitamwambia aandike hiyo barua, nami nitakwenda naye.

MsafiriWaGhuba

Mimi nimebakiza miezi saba ya probesheni na wakala amenipatia kazi Qatar. Viza imetoka. Sina deni la fidia, sijawahi kukosa kuripoti. Je, nikisafiri kimya kimya na kurudi baada ya mkataba, kuna ubaya gani iwapo sijafanya kosa jingine?

WakiliTononoka

Ubaya ni ule ule wa kijana wa Mtwapa, ila umbali umeongezeka. Utahesabiwa kuwa umehama bila ruhusa na umeacha kuripoti, taarifa itatolewa kwa kiapo, hati itatoka, na utakuja kukutana nayo siku unaporudi ukiwa na zawadi za watoto kwenye mizigo.

Wewe una njia nzuri zaidi kuliko wote waliouliza humu. Sheria inaruhusu amri ya probesheni kurekebishwa au kuondolewa kabla ya muda wake kwisha, na ombi hilo laweza kutolewa na afisa au na wewe mwenyewe. Mtu aliyelipa fidia, aliyeripoti bila kukosa, na mwenye mkataba wa kazi mkononi ndiye hasa anayefikiriwa. Nenda kwa afisa wako na mkataba, viza na risiti za fidia, umwombe apeleke ombi mahakamani, na usikate tikiti mpaka upate amri yenye muhuri.

Kuna faida nyingine ya kumaliza vizuri ambayo watu hawaambiwi. Mtu aliyetiwa hatiani kisha akapewa probesheni, hatia hiyo haihesabiwi pale sheria nyingine inapomwekea mwenye hatia kizuizi au kumwongezea adhabu kwa kosa la pili. Lakini ulinzi huo unakwisha endapo atarudishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa kosa lile la awali. Kwa hiyo anayeivunja amri hahatarishi uhuru wake wa leo pekee. Anaweza kuipoteza na ile nafasi ya kuanza upya bila alama.

MtuWaChangamwe

Je, haya yote yanamhusu pia anayefagia kwa chifu? Jirani yangu alipewa kazi ya kufagia zahanati na ameanza kukosa.

KaraniMstaafu

Hiyo ni huduma kwa jamii, chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998. Ni amri tofauti, ingawa maafisa wanaoisimamia ni wale wale. Akikosa, naye huitwa mahakamani, na hakimu anaweza kumwonya, kuibadilisha amri, au kuifuta na kumpa adhabu nyingine yoyote ambayo angeweza kumpa mwanzo. Mwambie arudi kwenye ufagio wake.

ShangaziWaLikoni

Wanajukwaa, nimewasomea kijana na mamake uzi huu kwa simu, mstari kwa mstari. Amekubali kurudi. Tarehe ya samansi ni wiki ijayo. Naomba mniambie twende na nini, na tuseme nini, kwa sababu akiona kizimba huwa anakuwa bubu.

KaraniMstaafu

Alhamdulillahi. Asisubiri tarehe. Aende kwa afisa kesho asubuhi, wewe ukiwa naye, aseme yuko wapi na anafanya kazi gani. Afisa akiwa ameshamwona kabla ya siku ya mahakama, maelezo yake ukumbini hubadilika. Badala ya kusema "hajulikani aliko" atasema "amejitokeza mwenyewe". Hakimu hulipima neno hilo.

Mwombeni mwajiri barua yenye anwani na nambari ya simu ya hoteli, ikitaja siku aliyoanza kazi na zamu zake. Chukueni barua ya mwenye nyumba, au ya mzee wa mtaa wa huko Mtwapa. Risiti za fidia iliyolipwa zote ziwe pamoja, na kama kuna baki, nendeni na kiasi chochote mlichojaaliwa. Hilo la fidia lina uzito kuliko mnavyodhani, kwa kuwa mwenye kibanda naye ni mtu, na hakimu atauliza kama amelipwa.

Siku yenyewe mfike mapema, mkajisajili kwa karani wa ukumbi ule uliotajwa kwenye samansi. Jina likiitwa, aitikie na asimame. Atasomewa anachodaiwa kukiuka na kuulizwa kama ni kweli. Kama ni kweli, na kwa maelezo yako ni kweli, aseme ni kweli, kisha aeleze sababu kwa ufupi: kazi, nauli, na kwamba hakujua namna ya kuomba kuhamishwa. Asimlaumu afisa kwa jambo ambalo afisa hakulifanya. Aombe masharti yarekebishwe ili asimamiwe na ofisi iliyo karibu na anapofanya kazi.

WakiliTononoka

Nakubaliana, na nina tahadhari moja. Mtwapa iko kaunti ya Kilifi, kwa hiyo kubadilisha mahali pa kuishi kutahitaji amri ya mahakama na faili kupelekwa upande huo. Hilo halifanyiki siku moja. Hakimu anaweza kuiahirisha kesi ili afisa aandike ripoti mpya, na watu wengi hutoka hapo wakidhani mambo yamekwisha, wakarudi kwenye shughuli zao. Hayajaisha. Kuahirishwa si kusamehewa.

ShangaziWaLikoni

Nimeelewa. Swali la mwisho: katika kipindi hicho cha kungojea ripoti mpya, aripoti wapi? Na alale kwangu au Mtwapa?

WakiliTononoka

Mpaka amri irekebishwe kwa maandishi, ile ya zamani ndiyo inayofanya kazi. Aripoti Mombasa kwa afisa wake yule yule. Kuhusu kulala, sharti linasema kwako, basi arudi kwako, au wakili wake amwombe hakimu siku hiyo hiyo ruhusa ya muda ya kuendelea kuishi karibu na kazi. Ikitolewa, aombe nakala na atembee nayo.

ShangaziWaLikoni

Amepiga simu kwa meneja wake sasa hivi, na barua itakuwa tayari Jumatatu. Kesho tunavuka feri ya saa moja kwenda kwa afisa.